Pamba Ndani ya Kopo

Ukikutana naye nje ya hospitali, hakujui. Unaweza kuwa umechukua dawa dirishani kwake asubuhi hiyo hiyo, amekuuliza mpaka rangi ya choo chako, halafu jioni mkakutana sokoni Tegeta mnachagua nyanya kwenye meza moja, naye akakupita kama anapita nguzo ya umeme. Watu wengi walimchukia kwa hilo. "Yule Mhindi anaringa," walisema. Na mimi nilisema hivyo hivyo muda mrefu, tena kwa sauti, mpaka siku niliposhindwa kuvumilia nikamuuliza.

"Mie nikikusalimia barabarani," alinijibu, "yule uliyefuatana naye atakuuliza tumejuania wapi. Utamwambia nini?"

Nikaanza kutunga uongo wa haraka.

"Umeona? Basi mie nilishakujibia."

Sisi tuliokuwa tunachukua dawa pale tulimwita Mama wa Dirishani. Jina lake lilikuwa limebandikwa kifuani, kila mwenye macho alilisoma, lakini sitaliandika hapa. Yeye hakuwahi kutamka langu mbele za watu, na heshima ni kulipana.

Hospitali yenyewe ilikuwa ndogo, ya hisani, kwenye njia ya kupandia Goba kutokea Tegeta, enzi hizo vumbi likiwa bado linaingia mpaka kwenye chumba cha sindano. Yeye alikuwa mfamasia. Dirisha lake lilikuwa na wavu na tundu la kupitishia mkono, na nyuma ya wavu ulimwona mwanamke mfupi, miwani imening'inia kwa mnyororo, mtandio haukai kichwani hata kidogo, akawa anaurudisha kwa kiwiko maana mikono imeshika vidonge. Mwezi wa Muharam alivaa nyeusi tupu na hakucheka na mtu. Miezi mingine hakucheka pia, ila nguo zilikuwa na maua. Alizaliwa wapi na wa nani, sijui, wala sikuuliza. Kiswahili chake kilikuwa cha Temeke, kile cha kusema mara moja na ukishindwa kusikia ni shauri yako.

Ukimwita daktari alikukatiza. "Mie si daktari. Daktari anaandika, mie nasoma alichoandika, na siku nyingine namrudishia asome tena."

Na hakunong'ona. Hilo lilitutisha sana mwanzoni, maana sisi wote tulifika pale tumejifunga mitandio na kofia mpaka puani, tunaongea kwa nyusi. Yeye alisema kwa sauti ya kawaida, kama muuza duka: vidonge vyako hivi, cha kila siku, tarehe yako ya kurudi hii. Hakutaja ugonjwa, hakutaja jina. "Hapa hatunong'oni," alisema. "Ukinong'ona ndo watu wanatega masikio." Nimeijaribu hiyo kanuni sehemu nyingi maishani, hata kwenye ofisi ya shule ninayofanyia ukarani, na haijawahi kuniangusha.

Kipindi tulipobadilishiwa dawa, foleni ilitaka kupasuka kwa hofu. Kile kidonge cha zamani tulikizoea pamoja na visa vyake. Mimi kilikuwa kinaniotesha nafukuzwa na beberu lenye suti. Lakini mtu akikuambia unabadilishiwa dawa, unachosikia ni kwamba hali yako imekuwa mbaya na wanakuficha. Wanawake wawili mbele yangu walikataa kupokea. Basi Mama wa Dirishani akafunga dirisha, akatoka kwa mlango wa ubavuni, akasimama kwenye benchi letu ili aonekane, maana chini hakuonekana.

"Nani hapa ana kiwanja?" akauliza.

Kwa watu wa Goba na Tegeta hilo si swali, ni kidonda. Kila mtu alikuwa na kiwanja, au kesi ya kiwanja.

"Haya. Kirusi ni mvamizi wa kiwanja. Akiingia kwenye chembe yako ya damu hataki kupita, anataka kuchimba msingi, ajenge, azae watoto wajae mtaa mzima. Kidonge hiki kipya ni kimoja lakini ndani wamo walinzi watatu. Wawili wanamharibia ramani asipate cha kujengea. Huyu wa tatu ndo mgeni wenu, anaitwa dolutegravir. Yeye kazi yake ni moja: jamaa akiinua jembe kuchimba msingi, anamshika mkono."

"Anamfukuza?" aliuliza mzee mmoja mwenye balaghashia.

"Hamfukuzi, baba. Waliojenga zamani bado wamo, wamelala. Ukimpa mlinzi likizo, wanaamka. Ndo maana unameza leo, kesho na mtondo."

"Kumbe ni kama balozi wa nyumba kumi."

"Mlinzi, baba. Balozi anazungumzika."

Watu walicheka pale kwenye benchi, na wale wanawake wawili wakachukua makopo yao. Wengi tulishindwa kulitamka lile jina, tukawa tunamwita Dolu, kama jirani. Na lile beberu langu lenye suti halikurudi tena.

Kulikuwa na jambo la makopo. Kopo la dawa likiwa limejaa halina neno, lakini ukishameza kiasi, vidonge vilivyobaki vinapata nafasi, na ukitembea vinalia. Ule mlio kila mtu aliyewahi kuuguza anaujua, na akiusikia mkobani mwako anajua unaumwa nini. Wanawake tulikuwa tunamwaga vidonge kwenye mfuko wa nailoni au tunavifunga kwenye pindo la kanga, kopo tunalitupa mbali na nyumbani. Mama wa Dirishani akijua, utatamani ardhi ipasuke. Alikuonyesha kile kifuko kidogo kilichomo ndani ya kopo. "Hiki kinakunywa unyevu. Joto hili la kwetu na jasho la kanga, dawa inaharibika, halafu uniambie Dolu hafanyi kazi!"

Lakini hakuishia kugomba. Alikuwa na bunda la pamba chini ya meza. Alichana, akaviringa, akashindilia juu ya vidonge, akafunga, kisha akalitikisa kopo karibu na sikio lake. Kimya. Ndipo akakupa. Ukirudi tarehe yako, unamrudishia pamba ya zamani anakupa mpya, kwa sababu pamba nayo inabeba unyevu. Siku moja nesi alimwambia utaratibu ule haumo kwenye mwongozo.

"Mwongozo haupandi gari na hawa," akajibu, akaendelea kuviringa.

Usidhani alikuwa malaika. Alikuwa na hasira za karibu, na alikuwa mwoga wa ajabu. Mwanamke yule aliyetufundisha kumeza dawa maisha yetu yote alikuwa anaogopa sindano. Siku ya kupima sukari wafanyakazi wote, alijifungia ndani ya famasi akidai anahesabu mzigo, ikabidi atoe kidole kupitia lile tundu la dirishani, uso kaugeuzia ukutani. Foleni nzima iliona. Yeye alirudi kazini dakika ile ile na kumgombeza kijana mmoja kwa kuchelewa tarehe, kwa ujasiri kama vile si yeye.

Swaumu alifunga, na wenzetu waliofunga aliwapangia wameze baada ya futari, akiwakumbusha kwamba maradhi hayajui mwezi mtukufu. Na sisi wa kanisani alituweza vile vile. Kuna dada alikuja kuaga, mchungaji wake ameshamwombea na kumwambia kuendelea na vidonge ni kukosa imani. Mama wa Dirishani hakubishana na dini ya mtu. Alimkabidhi kopo lake na kusema, "Mwanangu, Mungu anasikia hata mtu akiwa ameshameza." Yule dada tunasali naye mpaka leo, anapiga kinanda.

Sasa niseme la kwangu.

Mimi na mume wangu tulikaa muda mrefu bila mtoto. Yeye hana virusi, na alinioa akijua. Kwa miaka kipimo changu cha wingi wa virusi kilikuwa kinarudi na neno moja tamu: havionekani. Tulielezwa kwamba vikiwa havionekani, mume yuko salama, na hata mtoto nikimpata, nafasi ya kuzaliwa mzima ni kubwa mno. Nilipopata mimba nilimeza kwa bidii ya mtu anayejenga. Halafu, mimba ikiwa imeshachomoza, kipimo cha virusi kikarudi na tarakimu nyingi. Vinaonekana, na ni vingi.

Mshauri wa kliniki, binti mpole, alinishika mkono. "Dada, sema ukweli, unaruka dozi."

"Siruki."

"Wote tunasahau, dada."

"Sisahau!"

Aliandika kwamba nimesahau. Nyumbani mume wangu alianza kukaa mkao wa kuniangalia nikimeza, glasi ya maji kashika yeye. Niliumia kuliko kama angenitukana. Daktari alikuwa anafikiria kunibadilishia dawa, kwa sababu mtoto alikuwa njiani na muda haurudi nyuma. Niliogopa. Niliogopa kuliko siku niliyopewa majibu yangu ya kwanza, maana siku ile nilikuwa peke yangu mwilini mwangu.

Nilifika dirishani macho yamevimba. Mama wa Dirishani aliniangalia, akafunga dirisha foleni ikiwa imejaa, akaniingiza stoo kwake na kunikalisha juu ya boksi.

"Unameza?"

"Nameza, mama. Haki ya Mungu nameza."

"Usiape. Nimekuamini." Alivuta boksi lake akakaa. "Sasa tutafute mwizi. Unameza saa ngapi?"

"Alfajiri, kabla ya kwenda kazini."

"Na nini?"

"Na maji."

"Na nini tena?"

"Na vile vidonge vya kuongeza damu nilivyopewa kliniki. Nimeviunganisha ili nisisahau."

Miwani ilipanda puani. "Umekula saa hizo?"

"Sijala. Mimba inanitapisha. Nakula kitu kidogo tu cha kukata kichefuchefu."

"Kitu gani?"

Nilitaka kucheka. "Si chakula, mama."

"Mie nimesema chakula?"

Nilifungua mkoba nikamtolea. Vilikuwa vipande vya udongo, vile vilivyokaushwa, vinavyouzwa sokoni pamoja na ubuyu na ndimu. Wifi yangu wa Temeke alikuwa ananiletea mfuko mzima, na nilikuwa nao kazini, kitandani, kanisani. Pale kliniki niliulizwa kuhusu pombe, dawa za kienyeji, juisi na maziwa. Kuhusu udongo hakuna aliyeniuliza, na mimi haikunijia kuusema. Nani anahesabu udongo? Mjamzito kula udongo ni kama mjamzito kununa.

Nilingoja anigombeze. Alichukua kipande, akakisogeza puani, akafumba macho.

"Wa Tandika huu," akasema taratibu. "Nikiwa na mimba ya binti yangu nilikula mpaka mume wangu akaniuliza kama nataka kumaliza uwanja."

Kisha akakiweka kipande kile mezani, mbali nasi wote wawili, akaanza kunieleza. Dolu ana mikono. Mikono ile ndiyo anayomkamatia mvamizi. Lakini akikutana tumboni na madini kama chuma au chokaa, tumbo likiwa tupu, anayashika hayo, mikono inajaa, na anatoka nayo chooni bila kuingia kwenye damu. "Wewe kila alfajiri ulikuwa unampeleka mlinzi kazini umembebesha tofali mikono yote miwili."

"Kwa hiyo ni udongo?"

"Chuma nimesoma, nina hakika nacho. Udongo sijausoma popote, sitakudanganya. Lakini udongo una madini, na mie nina akili." Alisimama. "Kaa hapa."

Alikwenda kwa daktari na nikamsikia kupitia ukuta, maana huyu mtu hakujua kunong'ona. "Kabla hujambadilishia dawa, nibadilishie ratiba. Mie nabeba lawama." Daktari alisema kitu kuhusu hatari kwa mtoto. "Ndo maana nimekuja mbio," akasema. Wakakubaliana nibadilishe ratiba na damu yangu irudiwe mapema, na ikikataa, dawa zibadilishwe bila mjadala.

Aliporudi alinipa ratiba ya maneno, akanitaka niirudie mpaka ikakaa: usiku nikishakula, kidonge. Asubuhi katikati, nikiwa kazini, kidonge cha damu. Viwili hivyo visionane. Udongo niuache kabisa, kwanza una minyoo. "Ukikushinda usinifiche. Njoo, nitakugombeza, halafu tutapanga." Alinitilia mkononi kikopo cha shamari zilizokaangwa, za kwake za kutafuna, nile hamu ikinibana.

Hamu ilinibana, sidanganyi. Mvua ikinyesha Goba na ile harufu ya ardhi ikipanda, nilikuwa nashika nguzo ya baraza kwa mikono miwili huku natafuna shamari. Wifi nilimwambia aache kuleta, akanuna. Mume wangu, nilipomweleza yote, aliniwekea glasi ya maji mezani akatoka nje, akaniacha nimeze peke yangu. Hilo ndilo lilikuwa ombi lake la msamaha, na nililipokea.

Majibu yalirudi: virusi vimeporomoka. Na kipimo kilichofuata, kabla sijajifungua, kikaja na lile neno langu. Havionekani. Nilikwenda dirishani kwa furaha, nikimtegemea apige vigelegele. Alikuwa anajua tayari. Alichukua pamba yangu ya zamani, akaviringa mpya, akatikisa kopo sikioni.

"Kalale," akasema. "Miguu imevimba."

Nikamzaa Debora. Alinyweshwa dawa yake ya maji ya kumkinga, akapimwa, akarudiwa kupimwa, mpaka alipoacha kunyonya na likaja jibu la mwisho: hana. Nilimpeleka nikamwinua mpaka usawa wa tundu. Mama wa Dirishani alivaa miwani, wakatazamana, mtoto akajaribu kuukamata ule mnyororo.

"Wewe kadi huna hapa," alimwambia. "Nisikuone tena dirishani kwangu."

Ilikuwa mara ya kwanza kumwona akilia, na aligeukia rafu za dawa kama ana kitu anakitafuta.

Baadaye alistaafu. Dirishani akakaa kijana mmoja mwenye adabu, anayenong'ona. Pamba ikakoma, tukawa tunajinunulia.

Mwaka huu, shule zilipokaribia kufunguliwa, nilikwenda Tegeta kwenye duka la sare kumchukulia Debora sketi ya darasa la kwanza. Mwenye duka tunakaa naye mtaa mmoja, kikoba kimoja, na habari ikimfikia yeye saa nne, saa tano iko kwa wote. Tukiwa tunapimisha, akaingia bibi mfupi na fimbo, mtandio umemwangukia mabegani. Alitaka uzi mweusi. Macho yake yalipita kwangu kama yanapita kwenye nguzo ya umeme.

"Shikamoo mama," nikasema.

"Marahaba," akajibu, na kugeukia uzi.

"Debora, mwamkie bibi."

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mjukuu wangu." Alimtazama kuanzia unywele mpaka soksi, na alichukua muda wake. "Udongo unakula?"

"Udongo hauliwi, bibi," Debora akamwambia, kwa sauti ya kumfundisha mtu mzima.

Alicheka. Alicheka kwa sauti, dukani, nje ya dirisha, hata mwenye duka akaacha mkasi.

"Kumbe nyie mnajuana?" akauliza.

"Hapana," akasema Mama wa Dirishani.

"Ndiyo," nikasema mimi.

Tulijibu kwa pamoja. Aligeuka akanikazia macho yale ya kwenye wavu, akinionya, akinipa nafasi ya kurudi nyuma. Nami nilimwangalia mtoto wangu ndani ya sketi iliyomzidi kiuno, na moyo wangu ulikuwa umetulia.

"Ni mfamasia wangu," nilimwambia mwenye duka, kwa sauti ya kawaida, kama muuza duka. "Natumia ARV. Huyu mama ndiye aliyenilindia Debora tumboni, na Debora hana kitu."

Mwenye duka alishika mkasi, akauweka, akaushika tena. "Basi sketi tuipunguze kiuno," akasema.

Mama wa Dirishani aliurudisha mtandio kichwani kwa kiwiko, ingawa safari hii mikono haikushika kitu.

"Unameza saa ngapi siku hizi?" akaniuliza, na hakunong'ona.

"Usiku, nikishakula."

"Na kopo? Pamba unabadilisha?"

"Nimeitoa, mama," nikamwambia. "Siku hizi naliacha lilie."